Siku Niliyougua kwa Ajili ya Maksi

Mpaka leo nikipita pale bombani Isevya kuna mama mmoja lazima aniulize, kwa sauti ya upole kabisa kama mtu anayeulizia habari za shambani, "Deusi, leo umevaa?" na wenzake wote wanainamia ndoo zao wakijifanya wanakagua kama maji yana uchafu, na mimi huwa nasema, "Nimevaa mama, shikamoo," halafu naendelea na njia nikitazama mbele kama askari wa gwaride. Nawasimulia ninyi kwa sababu mtaisikia tu kwa wengine, na wengine wanatia chumvi. Kuna wanaosema nilikuwa uchi. Sikuwa uchi, na hilo ndilo tatizo lenyewe, heri ningekuwa uchi.

Nilimaliza chuo na shahada ya sosholojia, nikarudi Tabora kwa shangazi yangu Veronika, dada yake baba, anayeuza asali na karanga sokoni, nikakaa kwake nikituma maombi ya kazi ambayo hayakujibiwa hata kwa matusi. Baba yangu yuko Ulyankulu, analima tumbaku, na kila alipopiga simu alimalizia kwa maneno yale yale: kama mjini hakuna kitu, njoo tupande. Shangazi naye mwishowe akasema hivyo hivyo, siyo kwa ubaya, ni kwa kuchoka kumwona mwanamume mzima anashinda sebuleni anabishana na redio. Sasa mimi na tumbaku tunajuana tangu utotoni. Kuipanda, kuichuma, kuifunga kwenye vijiti, kukesha na moto wa bani, lile banda la kuikaushia, unatoka humo unanuka moshi mpaka kwenye mawazo. Niliapa sirudi.

Ndipo nikasikia habari za Mama Salma, mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye baba yake mzazi alipata kiharusi na anatafutiwa mhudumu wa kiume wa kukaa naye nyumbani, kumwogesha, kumlisha, kumgeuza, kumsindikiza kliniki. Nikaenda kujieleza. Mama Salma alinisikiliza vizuri, akanipenda hata (mzee wake alikuwa mwalimu zamani, akataka mtu wa kuzungumza naye habari za vitabu), ila akaweka sharti: "Kuna mafunzo ya wahudumu wa nyumbani yanaanza wiki hii. Nafasi nakushikia mpaka yaishe. Bila cheti, mwanangu, usije hata kunisalimia."

Basi nikaenda kwenye mafunzo. Ukumbi wa kukodi karibu na stesheni, viti vya plastiki, kitanda kimoja cha chuma, na Mwalimu Pelagia, muuguzi mstaafu, mwembamba, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba. Mambo tuliyotakiwa kuyajua yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani: kunawa mikono kwa namna yake, kumnyanyua mtu bila kuvunja mgongo wake wala wako, kumgeuza asipate vidonda vya kulalia, kumketisha kwanza kabla hujamlisha asije akapaliwa, kutunza siri za nyumba ya watu, kujua lini ni jambo la kwako na lini ni la hospitali. Mimi kila kitu nilikitilia swali. Ndivyo nilivyo, siwezi kupewa kitu bila kukigeuza nikiangalie chini.

"Mwalimu, kwa nini tupige hodi kwa mtu ambaye hawezi kuitika?"

"Kwa sababu chumba ni chake."

"Lakini hajui kama tumepiga."

"Wewe umejuaje kwamba hajui?"

Darasa likacheka. Nikauliza kwa nini wawili wamnyanyue mtu ambaye mmoja anamweza. Nikauliza ushahidi uko wapi. Mwalimu Pelagia akasema ushahidi uko kiunoni kwangu, ningoje miaka michache utajitokeza wenyewe. Mwenzangu wa kiti cha jirani, Masanja, Msukuma mmoja mkubwa kama mlango wa ghala, mwenye kicheko kinachotikisa viti, alikuwa kila nikinyoosha mkono anafunika uso na kusema, "Jamani, tutakula saa ngapi?"

Sharti la mwisho ndilo lililonimaliza. Waliliita siku ya kulala. Kila mwanafunzi lazima awe mgonjwa siku moja, tangu asubuhi mpaka alasiri, nyumbani anakoishi, akihudumiwa na wenzake wawili, ili ajue kulishwa kukoje na kusubiri kukoje. Unapewa ugonjwa wako. Mimi nilipewa kiharusi: upande wa kulia haufanyi kazi, mdomo umepinda, huna kauli. Ukitaka kusema ndiyo unaminya mkono wa mhudumu mara moja kwa mkono wa kushoto, hapana unaminya mara mbili. Unashushwa kwenye bajaji mlangoni kwako kama mgonjwa, unabebwa ndani, unalazwa. Na unavaa nepi, zile za watu wazima, siku nzima. Nikauliza kama nepi ni ya lazima kweli. Mwalimu akasema mzee utakayemvalisha naye atakuuliza hivyo hivyo, nenda ukalitafute jibu.

Akatoa maagizo mawili mengine, naomba myasikilize maana mkasa wote umo humo. La kwanza, siku moja kabla, kila mtu apite kwa watu wa nyumbani na kwa majirani awaeleze kwamba ni mazoezi. La pili, mgonjwa akitamka neno lolote kabla Mwalimu hajafika kukagua, ameshindwa, atasubiri awamu nyingine ya mafunzo. "Na mtajaribiwa," akasema, "kwa namna msiyoitegemea."

Hilo la pili lilinikaa kichwani. La kwanza nilikataa. Nilijiambia (na hapa ndipo shahada iliposema kwa sauti yake) kwamba huwezi kukipima kitu ambacho umeshakiambia kwamba kinapimwa. Ukiwaambia majirani ni mazoezi, wataigiza. Usipowaambia, wataendelea na shughuli zao, nami nitalala kwa utulivu nikijifunza upweke wa mgonjwa. Upweke! Isevya! Shangazi nilimwambia asubuhi, akiwa tayari mlangoni na ndoo ya karanga kichwani, "Leo nina mazoezi hapa nyumbani," naye akasema, "Usinivunjie kiti," akaenda sokoni.

Bajaji ikatushusha. Masanja kanishika kwapani, dada mmoja wa darasani anayeitwa Neema kanishika miguu, wote wamevaa aproni na glovu, na mimi shingo imelala begani, mdomo nimeupinda kwa bidii, mkono wa kulia unaning'inia. Nilikuwa nimejitahidi sana kwenye mdomo, nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Pale bombani, ng'ambo ya njia, kulikuwa na foleni ya kinamama na ndoo zao, na ninakumbuka nilisikia ndoo moja ikianguka. Sikuijali. Masomo yote yale ya jamii na hakuna hata kitabu kimoja kilichoniambia kwamba kinamama bombani wana macho.

Wakanilaza kwenye godoro sebuleni, maana chumba changu hakiingii watu watatu. Juu nimevaa fulana ya mahafali ya chuo, chini nepi, na shuka juu yake. Nikatulia. Hazikupita dakika nyingi, hodi. Ni Mama Shija, jirani wa ukuta mmoja nasi, kiongozi wa kila kitu mtaani, kuanzia jumuiya mpaka mchango wa taka.

"Amefanyaje huyu mtoto?"

"Mama, shikamoo," Masanja akasema. "Wala usiogope. Ni mazoezi tu."

Mama Shija akamtazama Masanja, akatazama glovu, akanitazama mdomo. "Marahaba. Ndivyo mnavyosemaga. Hata mume wangu walisema ni uchovu."

Akatoka. Nikamsikia uani anaita majina, moja baada ya lingine, kama mtu anayeita kuku.

Sasa fuateni nilivyofikiri, kwa sababu nilifikiri kwa mantiki kamili na ndiyo aibu yake. Mimi sikumwambia mtu yeyote. Watu wanaanza kuingia mmoja mmoja, wanavua viatu mlangoni, wanakaa mkekani, wanasikitika. Wamejuaje? Jibu ni moja tu: Mwalimu Pelagia. Amewapanga. Hili ndilo jaribio tusilolitegemea, anataka kuona kama nitaropoka. Nikajiambia, Deusi, tulia, hawakuwezi. Na kadiri walivyozidi kulia, ndivyo nilivyozidi kumsifu Mwalimu kimoyomoyo kwa kupata waigizaji wazuri namna ile bila bajeti.

Masanja alihangaika, jamani, nimtendee haki. Aliwaeleza kila mtu aliyeingia. Lakini kadiri alivyoeleza ndivyo walivyomwonea huruma, maana kwetu mtu akiwa hali mbaya anayemuuguza hasemi hivyo, anasema anaendelea vizuri, na kila mtu anaelewa. Neema akajaribu kumpigia Mwalimu simu, haipokelewi, ikabidi atoke mbio kumtafuta. Masanja akainama sikioni kwangu: "Ee bwana, hawa watu hawajui. Sema neno basi, waambie." Nikamwangalia kwa jicho la kushoto, nikawaza, kumbe na wewe umo. Nikaminya mkono wake mara mbili. Hapana.

Kinamama wakaanza kunizungumzia. Hapo nilijifunza kitu ambacho hakikuwa kwenye somo: mtu asiye na kauli anageuka kuwa meza, watu wanaweka juu yake chochote walicho nacho.

"Amesoma sana huyu."

"Ndiyo hicho. Ubongo kama redio, ukiiacha inaimba mchana na usiku inaungua."

"Juzi aliniuliza eti kwa nini nasali kwa sauti, Mungu kiziwi?"

"Pole yake. Ila sasa atapumzika maswali."

Mama mwingine akauliza kama chumba changu kina dirisha la barabarani, maana binti yake anatafuta pa kupanga. Wakamnyamazisha, lakini taratibu, kama watu ambao nao walitaka kujua.

Mama Shija akarudi na uji wa ulezi, unafuka. Masanja akasema, "Mama, tumketishe kwanza, hawezi kulishwa amelala," na hapo kidogo wagombane, maana Mama Shija amelea watoto na wajukuu na haambiwi namna ya kushika kijiko na kijana mwenye aproni. Kijiko cha kwanza kikanifikia kabla ya mto. Uji ulikuwa wa moto wa kuunguza chuma. Nikiwa bado na nidhamu yangu, nikamshika Mama Shija mkono kwa mkono wangu wa kushoto, nikaminya mara mbili: hapana. Yeye hakufundishwa lugha hiyo. Aliweka bakuli chini polepole, machozi yakamlenga.

"Ananiaga," akasema. "Mtoto ananiaga."

Basi hapo sebule nzima ikafumuka. Waliokuwa mkekani wakapiga magoti, rozari zikatoka, wimbo ukaanza kwa sauti ya chini, ule unaoimbwa mtu akiwa mlangoni kabisa. Uani nikasikia mtu anauliza kuni zipo au zikatafutwe.

Katikati ya wimbo akaingia Mzee Pazi. Huyu ni Mzaramo, alikuja Tabora na kazi ya reli, akaoa hapa na hakurudi tena kwao. Kama mnavyojua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu wakishuka na mizigo mpaka karibu na pwani, wanagombana na wenyeji, wanapatana, mpaka ugomvi wenyewe ukageuka undugu. Mtani hana pole. Mtani akija kwenye ugonjwa, kazi yake ni kuudharau.

"Yuko wapi mbeba mizigo?" akauliza kutoka mlangoni. Akavua kofia yake, akaja akasimama juu ya godoro akinitazama kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka baharini, kipupwe na masika, wewe umelemewa na shuka? Mdomo huo umeupinda wa nini? Kwanza viatu vyake viko wapi? Vyangu hivyo. Na ile fulana asizikwe nayo, nitalimia."

Kinamama wakacheka na machozi yao usoni, na mimi, nakiri, tumbo lilianza kutikisika chini ya shuka. Mzee Pazi akaona. Akafinya macho. Halafu, bila kumwomba mtu ruhusa, akajilaza kando yangu kwenye godoro, akanisukuma kwa kiuno. "Sogea, maiti. Nami nataka kulia lia kwa Mama Shija nipewe uji." Nikauma ulimi. Nikawaza, Mwalimu, huyu umemtoa wapi, huyu ni hatari.

Akaja Mama Salma. Sikutarajia hilo hata kidogo. Alisimama mlangoni na mkoba wake, mtandio umemteleza begani, akaniangalia muda mrefu. Mtu alikuwa amemwambia dukani kwamba yule kijana wake wa kumhudumia mzee naye amepooza. Akasema kwa sauti ndogo, hakumwambia mtu yeyote hasa, "Na mimi wiki hii nasafiri kufuata mzigo. Nilikuwa nimemtegemea yeye tu." Akakaa mkekani pamoja na wengine.

Mtu yeyote mwenye akili za kawaida angeamka hapo. Mimi nikawaza: mpaka Mama Salma! Amekuja kuangalia kama mtu anayemwajiri ana msimamo. Nikaupinda mdomo zaidi.

Halafu akaingia Shangazi.

Aliingia na kandambili moja, nyingine sijui aliiacha wapi. Karanga zake hakuwa nazo, ndoo hakuwa nayo. Alipiga magoti kwenye miguu yangu akaishika juu ya shuka, akaanza kuongea Kinyamwezi, ambacho mjini huwa hakitumii isipokuwa akihesabu au akiumia. "Mayo wane, mayo wane," akamlilia mama yake aliyekufa zamani. Kisha akasema kwa Kiswahili, akiniambia mimi, "Nilikwambia urudi shambani, baba. Nilikusema vibaya. Nimekuvunja moyo mwenyewe, ndiyo maana. Ukipona kaa. Kaa tu hata usipopata kazi, kaa. Usiende."

Maneno yale ya kurudi shambani Shangazi aliniambia asubuhi moja jikoni, tukiwa wawili, akaomba yaishie hapo. Mwalimu Pelagia hakuyajua. Hakuna aliyeyajua. Kila mtu mle ndani akabadilika mbele ya macho yangu, machozi yakawa machozi, rozari zikawa rozari, na Mama Shija, ambaye uji wake uliniunguza mdomo, alikuwa kweli anaamini nimemuaga.

Nikasema, "Shangazi."

Nilitaka niseme kwa upole. Lakini nilikuwa sijatoa sauti tangu asubuhi na koo lilikuwa limeungua, ikatoka kama sauti ya mtu anayeongea kutoka ndani ya pipa. Wimbo ukakatika. Nikataka kuinuka nimshike, na nikasahau jambo moja, kwamba mguu wa kulia niliulalia masaa yote yale bila kuugeuza (somo la kumgeuza mgonjwa, kumbe lina maana), na ulikuwa umekufa ganzi kabisa. Nikasimama kwa nguvu, mguu ukakataa, nikayumba, nikamkanyaga Mzee Pazi tumboni, naye akapiga ukelele wa kwao ambao hauwezi kuandikwa, nikajishika kwenye kitu cha karibu ambacho ni shuka lenyewe, shuka likaja nalo bakuli la uji, na nikabaki nimesimama katikati ya sebule, mbele ya kinamama wa jumuiya, wa bombani, mama aliyetaka chumba, Mama Salma na shangazi yangu: juu fulana ya mahafali, chini nepi nyeupe iliyovimba, na uji unashuka polepole kwenye paja.

Nusu ya watu walikuwa wameshafika uani. Wengine walipitia dirishani, na dirisha letu si kubwa. Waliobaki waliona, na walipoona, kimya kile cha kuogopa kikageuka taratibu kuwa kingine. Aliyeanza ni Mzee Pazi, bado yuko chini, ameshika tumbo: "Hee! Mnyamwezi kafufuka na mzigo wake!"

Masanja ndiye aliyenitupia kitenge. Alikivuta kwenye bega la mama mmoja bila kuomba, akanizungushia kiunoni, akanikalisha chini kwa namna ile tuliyofundishwa, mkono mmoja mgongoni mmoja chini ya magoti. Akahakikisha nimefunikwa. Ndipo naye akaanguka pembeni kwa kicheko, na mjue Masanja akicheka viti vinasogea.

Shangazi hakucheka. Alinishika mguu, akauminya, akaniangalia usoni, akaona mdomo umenyooka. Akauliza, "Huumwi?" Nikasema siumwi. "Haya," akasema, akasimama na kandambili yake moja akaenda jikoni, na sikumsikia akisema neno tena mpaka naondoka. Katika yote ya siku ile hilo ndilo lililoniuma, mengine ni kicheko tu.

Mwalimu Pelagia alifika na Neema, amelowa jasho, akapita katikati ya watu, akavaa miwani. Aliambiwa yote na watu kama kumi kwa pamoja. Aliponigeukia alikuwa mpole, nadhani alishachoka kunikasirikia tangu wiki ya kwanza.

"Deusi, majirani hukuwaambia."

"Nilitaka waje kama walivyo, Mwalimu, bila kuathiriwa na..."

"Wamekuja?"

"Wamekuja."

"Sasa nikikupeleka kwenye nyumba ya watu, mzee akizidiwa, ndugu zake utawaambia? Au utanyamaza uone watafanyaje?"

Nikakaza fundo la kitenge. Akasema sikushindwa kwa kutamka neno, kulala hata gogo linaweza, nilishindwa tangu jana yake nilipopita milango ya watu kimya. Nisubiri awamu nyingine. Mama Salma alikuwa bado amekaa palepale mkekani, ametulia, anasikiliza. Akamwita Masanja kando, wakaongea. Masanja akarudi kwangu anatazama vidole vya miguu yake.

"Bwana Deusi, huyu mama ananiuliza mimi kama naweza kwenda."

"Nenda," nikasema. "Mzee anapenda vitabu, usimchekee sikioni."

Na mngedhani yameishia hapo. Kumbe Shangazi, alipopata habari sokoni, kitu cha kwanza alichofanya ni kumpigia simu Baba. Alasiri, watu wakiwa bado wamejaa uani wanakunywa uji uliobaki na kurudia hadithi kwa waliochelewa, pikapu ikasimama mlangoni, vumbi la njia nzima ya Ulyankulu juu yake, nyuma wametandika godoro na blanketi, mbele kuku mmoja kafungwa miguu, na Baba anashuka. Baba si mtu wa maneno. Aliingia, akanikuta nimekaa kwenye kiti na kitenge cha watu. Akaelezwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakubadilika uso.

"Unaweza kusimama?"

"Naweza, Baba."

"Na mkono wa kulia?"

"Mzima."

"Unaweza kushika jembe?"

Nikamtazama Shangazi kupitia mlango wa jikoni, nikitumaini yale maneno yake ya ukipona kaa bado yana uhai. Alikuwa anasonga ugali. Hakuinua kichwa.

"Naweza," nikasema.

"Gari hili nimelikodi kuja kubeba mtu," akasema Baba. "Siwezi kulirudisha na godoro tupu. Panda."

Nikapanda. Niliomba nikae mbele, mbele kulikuwa na Baba, dereva na kuku. Nikakaa nyuma juu ya godoro langu la mgonjwa, na kila tuliposimama njiani watu walikuja kuchungulia na kusema pole, nami nikawa naitikia nimeshapoa, asanteni, nimeshapoa, maana kueleza kulinishinda. Msimu ule wote nilipanda tumbaku, nikaipalilia, nikachuma, nikakesha na moto wa bani, nikanuka moshi mpaka kwenye mawazo kama nilivyowaambia, na jioni za Jumapili nilimpigia Shangazi simu. Mwanzoni alikuwa anapokea na kuniachia redio ya jirani niisikilize. Baadaye akaanza kuuliza kama nakula.

Awamu ya pili ya mafunzo nilirudi, nikafaulu, na cheti ninacho. Maswali bado nauliza, Mwalimu Pelagia aliniambia nikiyaacha nitaugua kweli. Lakini nimeapa jambo moja na silivunji. Nikipelekwa nyumba mpya, kabla sijagusa mgonjwa, kabla hata sijaweka begi chini, nazunguka kwa majirani mlango kwa mlango, napiga hodi, naamkia, najitambulisha: naitwa Deusi, nimekuja kumhudumia mzee wa nyumba ile, na ikitokea siku mkaniona mimi nimelala, tafadhali, nimesinzia tu.